Sala Moja kwa Timu Mbili: Uzalendo na Imani katika Uwanja wa Michezo

Utangulizi

Tarehe 21 Januari 2024, katika mji wa San-Pédro nchini Ivory Coast, timu ya taifa ya Tanzania ilipambana na timu ya Zambia katika mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kabla ya mchezo kuanza, nyimbo za mataifa hayo mawili zilipigwa kama ilivyo desturi. Mtu asiyejua historia ya Afrika angeweza kudhani kwamba mpigaji amekosea, akaurudia wimbo ule ule mara mbili. Maana maneno ni mbalimbali, lakini muziki ni mmoja. Baada ya hapo mpira ulichezwa. Simon Msuva aliifungia Tanzania katika dakika ya 11, na Patson Daka akaisawazishia Zambia katika dakika ya 88. Wakatoka sare ya bao moja kwa moja.

Tukio hili dogo latupa swali kubwa. Ikiwa mataifa mawili yasimama katika uwanja mmoja na kumtaja Mungu kwa muziki mmoja, je, Mungu huyo ashike bendera ya nani?

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza desturi ya kuchanganya uzalendo na imani ya dini katika michezo ya hadhara. Hatukusudii kuhukumu dini yoyote, wala kumbeza mtu yeyote kwa sala yake. Tunakusudia kuitazama sherehe ya uwanjani kama mhakiki aitazamavyo tamthilia: nani anasema, anasema kwa niaba ya nani, na watazamaji wanatakiwa wafanye nini.

Uwanja kama jukwaa

Mchezo wa hadhara si mchezo tu. Una jukwaa lake, ambalo ni uwanja. Una maleba yake, ambayo ni jezi. Una waigizaji, una kiitikio, una mashujaa na wahaini. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kuuona mpira wa miguu. Katika miji ya pwani, makundi ya beni ya Marini na Arinoti yalishindana kwa sare, kwa vyeo na kwa gwaride. Huko Usukumani, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalishindana kwa uhodari wa wachezaji na vilevile kwa nguvu za dawa za waganga wao. Hivyo mashindano, fahari ya kundi, na kutafuta msaada wa nguvu zisizoonekana ni mambo yaliyokuwa yamekwisha kukaa pamoja katika utamaduni wetu tangu zamani.

Mchezo wa kandanda nao ulipoingia kwetu, uliingia mkono mmoja umeshikwa na dini na mkono wa pili umeshikwa na dola. Wamisionari wa UMCA waliwachezesha vijana wa shule yao ya Kiungani, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, wakiamini, kama walivyoamini walimu wengi wa Uingereza wa zama zile, kwamba mwili uliozoezwa huzaa tabia njema, na tabia njema humwelekeza mtu kwa Mungu. Watumishi na askari wa ukoloni, kwa upande wao, waliucheza kwa heshima ya bendera yao.

Lakini wananchi waliupokea mchezo huo wakautia sura yao wenyewe. Klabu mbili kubwa za Dar es Salaam, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyofuata mwaka 1936, hazikuundwa kwa misingi ya msikiti wala ya kanisa. Zilizaliwa mitaani. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Yanga na mtu wa Simba waweza kuwa ndugu wa tumbo moja, wakala sahani moja, na Ijumaa au Jumapili wakaenda kusali mahali pamoja. Wanataniana mpaka usiku, na asubuhi hakuna aliyetoka katika dini yake. Hili ni jambo la thamani kubwa, na thamani yake huonekana tunapotazama nchi ambako mambo yalikwenda vingine.

Mfano wa Glasgow

Katika mji wa Glasgow, Scotland, zipo klabu mbili kongwe: Rangers, iliyoanzishwa mwaka 1872, na Celtic, iliyoanzishwa mwaka 1887. Celtic iliundwa katika ukumbi wa kanisa Katoliki na bradha mmoja wa shirika la Marist, kwa nia njema kabisa ya kukusanya fedha za kuwalisha watoto maskini, wengi wao wakiwa wa wahamiaji kutoka Ireland. Mchezo wa kwanza baina ya klabu hizo, mwaka 1888, ulikuwa wa kirafiki. Lakini miaka ilivyopita, dini na utaifa viliingia katika rangi za jezi. Upande mmoja ukawa wa Wakatoliki na bendera ya Ireland. Upande wa pili ukawa wa Waprotestanti na bendera ya Uingereza. Nyimbo za jukwaani zikawa nyimbo za vita vya kale, na matusi ya mpira yakawa matusi ya dini.

Mwaka 1989 Rangers walipomsajili Mo Johnston, mchezaji mashuhuri Mkatoliki aliyewahi kuichezea Celtic, baadhi ya mashabiki wao walichoma skafu zao kwa hasira. Bunge la Scotland lilijaribu tiba ya sheria; sheria ya kukomesha matusi ya namna hiyo katika mpira ilianza kutumika mwaka 2012, ikafutwa mwaka 2018. Funzo lake ni wazi. Imani ikishagandamana na bendera na jezi, sheria peke yake haiwezi kuvibandua. Ni rahisi zaidi kuzuia visigandamane tangu mwanzo, na kazi hiyo ni ya malezi na utamaduni kuliko polisi.

Wimbo wa taifa kama sala

Hapa msomaji atatuuliza: mbona sisi wenyewe tumekwisha kuvichanganya? Wimbo wetu wa taifa, "Mungu Ibariki Afrika", ni sala tangu neno lake la kwanza. Wimbo wa Kenya, "Ee Mungu Nguvu Yetu", nao ni sala. Tunawezaje kuonya juu ya jambo ambalo tunaliimba kila siku?

Swali hili ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu kwa kuutazama wimbo wenyewe. Muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Johannesburg. Kwa asili, basi, ni wimbo wa kanisa. Lakini mwaka 1912 uliimbwa huko Bloemfontein katika mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na tangu hapo ukatoka kanisani ukaingia katika mapambano ya ukombozi. Tanganyika iliuchukua ilipopata uhuru mwaka 1961, ikautilia maneno ya Kiswahili. Zambia iliuchukua muziki huo huo mwaka 1964, Zimbabwe ikautumia kuanzia 1980 hadi 1994, na Afrika Kusini ikauunganisha katika wimbo wake wa taifa wa mwaka 1997.

Tuyachunguze basi maneno tuliyoyatia sisi. Kwanza, humo hakuna adui. "La Marseillaise" wa Wafaransa ulitungwa mwaka 1792 wakati wa vita, na wimbo wa taifa wa Marekani ulizaliwa katika mashambulizi ya mizinga ya mwaka 1814; zote mbili zina moshi wa baruti ndani yake. Wetu hauna. Pili, humo hakuna mtume, kitabu, wala dhehebu lililotajwa. Mungu anaitwa kwa jina ambalo Mwislamu, Mkristo na mfuasi wa dini za jadi wote hulitumia katika Kiswahili cha kila siku. Tatu, kinachoombwa si ushindi, bali ni mambo kama hekima, umoja na amani.

Lakini jambo la nne ndilo lililo kubwa kuliko yote, na mara nyingi hupita masikioni mwetu bila kusikika. Ubeti wa kwanza hauitaji Tanzania hata mara moja. Unaiombea Afrika, viongozi wake na watu wake. Nchi yetu husubiri ubeti wa pili. Hivyo, mchezaji wa Tanzania aliyesimama San-Pédro mbele ya mchezaji wa Zambia na kuuimba ubeti wa kwanza kwa moyo, alikuwa anamwombea baraka yule yule aliyejiandaa kumfunga. Sala hii ni pana kuliko uzalendo wa kawaida. Haiufuti uzalendo, bali inauwekea mipaka: inatukumbusha kwamba yule tunayeshindana naye ni mtoto wa nyumba moja.

Hii ndiyo tofauti tunayotaka kuionyesha. Kuna sala inayompa mshindani nafasi ndani yake, na kuna sala inayomfukuza. Ya kwanza ni utamaduni. Ya pili ni ushabiki uliovaa kanzu au joho.

Kipaza sauti na goti

Tofauti nyingine ni baina ya sala ya mtu na sala ya kipaza sauti. Marekani ni nchi ambako jambo hili limebishaniwa mpaka mahakama ya juu kabisa. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataza desturi ya wilaya moja ya shule huko Texas, ambako mwanafunzi aliyechaguliwa alisoma sala kwa kipaza sauti cha shule kabla ya mechi. Wengi wa majaji walisema kwamba sauti hiyo ilikuwa sauti ya shule, na kwamba mtoto hapaswi kuchagua kati ya kwenda kwenye mechi na kushika imani yake. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ilimpa haki kocha mmoja wa shule katika jimbo la Washington aliyekuwa akipiga goti katikati ya uwanja baada ya mechi, ikisema ile ilikuwa sala yake binafsi. Hata hivyo, katika shauri hilo ilielezwa kwamba mzazi mmoja alilalamika kuwa mwanawe alijiunga na sala hizo kwa kuhofia kupunguziwa nafasi ya kucheza. Goti la mtu mwenye madaraka, kwa hiyo, si goti la mtu binafsi tu. Kocha apangaye timu hubeba kipaza sauti hata anaponyamaza.

Nchini humo humo, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ikawa desturi katika mechi za besiboli kuimba "God Bless America" wakati wa mapumziko. Mtunzi wake, Irving Berlin, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Urusi akahamia Marekani akiwa mtoto; kwake ulikuwa wimbo wa shukrani. Lakini mwaka 2008 mtazamaji mmoja katika uwanja wa Yankee, New York, alilalamika kwamba polisi walimtoa nje kwa sababu alitaka kwenda msalani wakati wimbo huo unapigwa. Shauri lake lilimalizwa kwa mapatano mwaka 2009. Tazama jinsi mambo yanavyogeuka: shukrani ya mhamiaji ikawa kipimo cha utii. Imani haiongezeki kwa njia hiyo, wala uzalendo. Kinachoongezeka ni woga.

Tulinganishe na matukio mawili ya namna nyingine. Tarehe 24 Juni 1995, baada ya Afrika Kusini kuishinda New Zealand kwa 15–12 na kutwaa Kombe la Dunia la raga huko Johannesburg, wachezaji walipiga magoti uwanjani wakasali. Hawakumwamuru mtazamaji yeyote kupiga goti, wala hawakuomba mtu aangushwe. Mchezo ulikuwa umekwisha. Tena, Aprili 2021, katika ligi ya Uingereza, mechi ya Leicester na Crystal Palace ilisimama kwa muda mfupi baada ya jua kuzama ili wachezaji Waislamu waliofunga Ramadhani wafuturu. Hakuna kilichotangazwa, hakuna aliyelazimishwa, na mpira ukaendelea. Imani ilipewa nafasi yake bila kuchukua nafasi ya watu wote.

Dua ya ushindi na utafutaji wa mchawi

Sasa turudi nyumbani, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ni rahisi kuona kibanzi katika jicho la Glasgow.

Katika soka yetu kuna msemo wa "kamati ya ufundi". Kila shabiki ajua kwamba mara nyingi maana yake si ufundi wa mpira, bali ni kundi la watu wanaoshughulikia ndumba. Tumesikia na kuona timu zikikataa kupita mlango uliowekwa. Hili si letu peke yetu. Mwaka 2002, huko Bamako, Thomas Nkono, golikipa wa zamani aliyekuwa kocha wa magolikipa wa Kameruni, alikamatwa na polisi uwanjani kwa kudaiwa kutega hirizi kabla ya nusu fainali dhidi ya wenyeji, Mali. Kameruni ilishinda 3–0, na hapana shaka wapo walioamini kwamba hirizi ilifanya kazi.

Wasomi wengi, na viongozi wengi wa dini, huicheka ndumba. Lakini twauliza: kuna tofauti gani baina ya mganga anayeahidi kuufunga mpira wa wapinzani na mhubiri anayetangaza mbele ya umati kwamba Mungu amekwisha kuipa timu yetu ushindi? Wa kwanza ametumia mzizi, wa pili ametumia kitabu. Lakini wote wawili wanadai kuushika mkono wa nguvu zilizo juu na kuuelekeza golini. Waswahili walisema zamani: Mungu si Athumani. Hana upendeleo wa mtaa wala wa jezi.

Tena dua ya namna hiyo ina hesabu ya kulipwa baadaye. Aliyeambiwa kwamba ushindi umekwisha kutolewa mbinguni, akishindwa atasema nini? Hawezi kusema kwamba mazoezi hayakutosha au kwamba wapinzani walikuwa hodari. Atasema yupo aliyeharibu baraka. Hapo ndipo utafutaji wa mchawi unapoanza.

Tuliwahi kushuhudia jambo hili katika mashindano ya shule za sekondari. Kabla ya fainali, mwalimu wa michezo aliwaita wachezaji wake wafanye duara, akaongoza sala ya dini yake, na kwa sauti kubwa akamwomba Mungu awaaibishe wapinzani. Golikipa, ambaye alikuwa wa dini nyingine, alisimama hatua chache nje ya duara, kichwa ameinamisha kwa heshima. Timu ilifungwa bao moja katika dakika za mwisho, kwa mpira ambao pengine hakuna golikipa angeuzuia. Jioni, katika basi, wenzake walimkalisha peke yake. Mmoja akauliza kwa sauti kwa nini mtu asiyetaka kuomba pamoja na timu apewe glovu za timu. Mwalimu alisikia, akatazama nje ya dirisha. Mwaka uliofuata kijana yule hakucheza tena.

Hakuna aliyekusudia uovu. Mwalimu alidhani anaijenga timu. Lakini alikuwa ameunda duara ambalo mtoto mmoja hakuweza kuingia bila kuiacha dhamiri yake, wala kubaki nje bila kuitwa msaliti. Na jambo hili huanza shuleni, mahali ambapo taifa hujifunza kuishi pamoja.

Heshima kwa anayenyamaza

Upo upande wa pili wa suala hili ambao nao watupasa kuutazama kwa haki. Si kila raia aweza kuimba sala ya taifa, hata iwe pana kiasi gani. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova waliokuwa wameadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa shuleni kwa sababu za imani yao. Wengine waliudhika na uamuzi huo. Sisi twaona kwamba uliuongezea wimbo heshima. Sala inayotolewa kwa fimbo si sala, na mapenzi ya nchi yanayotolewa kwa fimbo si mapenzi. Katiba yetu yasema, katika ibara ya 3, kwamba Jamhuri ya Muungano haina dini, na katika ibara ya 19 yalinda uhuru wa kila mtu kuamini. Ibara hizo mbili hazipingani. Nchi haichukui dini moja ili watu wake wawe huru katika dini zao zote.

Hitimisho

Tumeona kwamba imani na uzalendo vimekaa pamoja katika michezo yetu tangu zamani, na hatudhani kwamba yafaa, wala kwamba yawezekana, kuvitenganisha kabisa. Mchezaji anayejifanyia ishara ya msalaba aingiapo uwanjani, au anayesujudu baada ya kufunga bao, hamnyimi mtu haki yake. Wimbo wa taifa unaoiombea Afrika nzima haumnyimi mtu haki yake. Kosa huanza pale sala inapopewa kipaza sauti, inapoomba mshindani aaibike, na inapogeuzwa kuwa kipimo cha nani ni mwenzetu na nani si mwenzetu.

Kwa walimu tungependa kushauri mambo matatu. Kwanza, katika mashindano ya shule wimbo wa taifa utoshe kuwa sala ya pamoja. Anayetaka kuongeza yake apewe dakika ya kimya, kila mtu kwa imani yake. Pili, wimbo huo ufundishwe darasani kama kazi ya fasihi, wanafunzi waone wenyewe ni nani anaombewa katika ubeti wa kwanza, kisha waulinganishe na nyimbo za majirani. Tatu, timu ikishindwa, mwalimu azungumze juu ya mpira: nani hakurudi kukaba, nani alichoka, wapinzani walifanya nini vizuri. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapojipanga mstari mmoja na wapinzani wenu na wimbo ule ukaanza, watazameni wale walio mbele yenu. Nao ni watoto wa Afrika. Mnawaombea wao pia. Kisha mpira ukiwekwa katikati, chezeni kwa nguvu zenu zote, na bao lifungwe kwa mguu.